Jasusi, Mfalme na Stroberi za Uani

Leo sianzi na sungura wala fisi. Hao mmewasikia mpaka wamewachosha. Naanza na jasusi, jasusi wa kweli aliyeishi duniani akala na kunywa, na nikishamaliza habari zake tutatoka wote uani tukashike majembe.

Jasusi mwenyewe aliitwa Amédée-François Frézier, Mfaransa, mhandisi wa jeshi aliyebobea katika mambo ya ngome. Mwezi wa Januari mwaka 1712 alipanda merikebu katika bandari ya Saint-Malo, akaelekea Amerika ya Kusini huku akijifanya mfanyabiashara. Enzi hizo Chile na Peru zilikuwa chini ya Wahispania, nao hawakupenda wageni wachungulie mambo yao. Mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alitaka kujua ngome za pwani ile zimekaaje, zina mizinga mingapi, na meli zinaweza kuingilia wapi. Basi Frézier akawa anazunguka, anamsalimia huyu, anauliza bei kwa yule, anasifia chakula cha watu, na macho yake yanahesabu mizinga.

Alipofika Concepción, mji wa pwani ya Chile, alikuta jambo ambalo mfalme hakuwa amemtuma. Watu walilima stroberi shambani. Wamapuche, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakizilima tangu zamani sana, kabla Mhispania wa kwanza hajatia mguu pale. Stroberi za Ulaya wakati huo zilikuwa za mwituni hasa: tamu, zinanukia, ila vitu vidogo mno, unachuma asubuhi nzima na bakuli halijai. Hizi za Chile zilikuwa kubwa, nyingine zikifikia yai la kuku, na rangi yake ilikuwa wekundu uliopaukia kwenye weupe. Frézier akaziandika na kuzichora katika kumbukumbu zake za safari. Kisha akang'oa miche, akaipakia melini.

Sasa fikirini. Merikebu ya mbao, safari ya karibu nusu mwaka, maji ya kunywa yanagawiwa kwa kipimo, halafu kuna mtu anataka kumwagilia majani! Mabaharia wangeweza kumtupa baharini yeye na miche yake. Bahati njema, msimamizi wa shehena alikubali kumpa maji kidogo ya kunyweshea. Walipotia nanga Marseille mwezi wa Agosti mwaka 1714, miche mitano ilikuwa bado hai. Frézier alimpa yule msimamizi miwili kwa fadhila yake. Mmoja akampelekea Antoine de Jussieu, bingwa wa mimea katika bustani ya mfalme mjini Paris. Mwingine akampa mkubwa wake wa kazi, na mmoja akabaki nao.

Miche ikashika. Ikatoa majani mapana, ikachanua maua makubwa meupe, ikatambaza marando, zile kamba zinazotoa miche mipya, kila upande. Na matunda je? Hola. Mwaka baada ya mwaka watunza bustani waliipalilia, wakaimwagilia, wakaitazama, nayo ikiwatazama tu. Mtu alisafiri nusu ya dunia na siri za Wahispania mkobani, akarudi na mmea tasa.

Nani kati yenu kwao kuna mpapai? Basi mnajua kwamba kuna mpapai jike unaozaa, na kuna mpapai dume unaoning'iniza maua marefu mwaka mzima bila kukupa hata papai moja la kula. Ukiwa na majike matupu, na kwa majirani hakuna dume, utakula hadithi. Stroberi ya Chile ndivyo ilivyo. Kuna mche jike na kuna mche dume, na chavua, yaani ule unga wa njano wa ua dume, sharti ifike kwenye ua jike ndipo tunda litunge.

Frézier hakulijua hilo. Fikirini alivyochagua miche yake: kwa macho, kama mtu yeyote ambaye angechagua. Alitafuta ile yenye matunda makubwa kuliko yote. Na yenye matunda ni ipi? Ni majike! Madume yalisimama pale pale shambani yamebeba majani tu, nani ahangaike nayo? Basi akavusha bahari familia nzima ya wanawake watupu. Tena mche wa stroberi ukizaliana kwa marando, kila binti anatoka vile vile alivyo mama yake, hakuna tofauti hata ya unywele. Jike likazaa jike, nalo likazaa jike, mpaka Ufaransa ikawa na mamia ya miche ya Chile isiyo na mume hata mmoja.

Mume alipatikana kwa majirani. Huko nyuma, katika karne ya 17, stroberi nyingine ilikuwa imeletwa Ulaya kutoka Virginia, Amerika ya Kaskazini. Hii tunda lake ni dogo, lakini jekundu kweli kweli, lina harufu nzuri, na mmea wake ni mgumu, hauogopi baridi. Kule Bretagne, magharibi ya Ufaransa, karibu na mji wa Brest, wakulima wa Plougastel walipanda stroberi ya Chile ikichanganyika na aina nyingine, hiyo ya Virginia ikiwamo. Nyuki hawaulizi pasipoti. Walitoka ua hili wakaingia lile, na ile tasa ikazaa, tena matunda makubwa. Mbegu za matunda hayo zilipoota, ikatokea stroberi mpya kabisa ambayo dunia haikuwa nayo: ukubwa wa Chile, wekundu na uhimilivu wa Virginia. Harufu yake iliwakumbusha watu nanasi, na mpaka leo jina lake la kisayansi, Fragaria × ananassa, limebeba nanasi ndani yake.

Aliyefumbua fumbo hilo kwa maandishi alikuwa kijana, na hapo ndipo ninapoipenda habari hii zaidi. Antoine Nicolas Duchesne alizaliwa mwaka 1747, na baba yake alikuwa msimamizi wa majengo ya mfalme. Kijana alipenda mimea kupita kiasi. Akauchukua mche wa Chile, akaupa chavua ya aina nyingine ya stroberi ya Ulaya, ukazaa. Mwezi wa Julai mwaka 1764, hajatimiza miaka 17, alimpelekea mfalme Louis wa 15 chungu chenye mche uliosheheni matunda. Mfalme alifurahi, akaagiza kijana huyo akusanye aina zote za stroberi zinazojulikana ili zipandwe katika bustani yake ya Trianon. Miaka 2 baadaye Duchesne alitoa kitabu kizima juu ya stroberi, akieleza kwamba ipo mimea dume na mimea jike, na kwamba ile yenye harufu ya nanasi ni mtoto wa Virginia na Chile. Wapo walimu wa enzi hizo ambao hawakuwa tayari kuzungumza habari ya mimea kuoana. Mtoto wa miaka 16 alikuwa ameshaiona bustanini.

Kwa hiyo hizi stroberi tunazoziona sokoni, kwenye keki na kwenye makopo ya jamu hazina hata miaka 300 duniani. Lamu ilikuwa mji wenye misikiti na masoko zamani kabla mbegu ya kwanza ya stroberi hii haijaota. Na karibu zote zinazolimwa leo, California, Uhispania, Misri, Limuru au uani kwetu, ni wajukuu wa ndoa ile ya Ufaransa. Msiogope lakini, ya sasa haina taabu ya bibi yake. Ua lake lina udume na ujike pamoja, hivyo mche mmoja kwenye ndoo unaweza kuzaa.

Haya, tutoke nje.

Kabla ya jembe, kila mmoja achukue stroberi moja, na asiile kwanza. Vipo vidoti vya njano juu ya ngozi. Mnaviita mbegu, sivyo? Mwenye macho makali atazame kidoti kimoja kwa karibu. Kina ngozi yake kavu, na kama hakijapukutika bado kina unywele mdogo ubavuni, mabaki ya mahali chavua ilipoingilia. Hicho ndicho tunda lenyewe, na mbegu imo ndani yake. Ile nyama nyekundu mnayoililia ni kitako cha ua kilichovimba. Stroberi moja kubwa huweza kubeba vidoti kama 200, kwa hiyo aliyekula moja amekula matunda 200 bila kuhesabu, halafu anasema hajashiba.

Kitako hakivimbi hivi hivi. Kila kidoti kilichopata chavua hutoa homoni iitwayo oksini, na homoni hiyo huiambia nyama iliyo chini yake ikue. Mwaka 1950 mtaalamu wa mimea Jean Nitsch alichapisha majaribio aliyofanya kwa uvumilivu wa ajabu. Alivibandua vidoti kwenye stroberi changa. Alipobandua vyote, tunda lilidumaa. Alipoacha kimoja tu, nyama ilivimba mahali pale pale penye kidoti, kwingine hakuna kitu. Kisha akapaka dawa yenye oksini juu ya tunda lisilo na vidoti, nalo likavimba kana kwamba vidoti vipo.

Jaribio hilo mnaweza kulifanya wenyewe, na halina gharama. Petali zikishapukutika na tunda likiwa bado la kijani, chukua pini au sindano ukang'oe vidoti vya upande mmoja polepole bila kuichana nyama. Funga uzi kwenye kikonyo ili usisahau ni lipi, maana yote yatafanana. Lile tunda litanenepa ubavu mmoja na kukonda ubavu wa pili. Sasa mkiona kwenye mche stroberi iliyopinda ambayo hakuna aliyeigusa na pini, mara nyingi maana yake ni kwamba ua halikupata chavua kila mahali. Labda mvua ilinyesha siku nzima na nyuki hawakutoka. Labda mtu alinyunyiza dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi, na mtu huyo nikimjua tutazungumza.

Ndiyo sababu pembeni ya tuta naacha dania ichanue badala ya kuichuma yote. Maua yake ni madogo mno, lakini nyuki wadogo wasiouma wanayapenda kuliko waridi. Wakija kwa dania hupitia stroberi.

Tuzungumzie mahali. Stroberi hupenda jua la kutosha na ubaridi wa hewa, hasa usiku. Milimani ndiko kwake: Usambara, Limuru, Njombe, Kinangop, miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Kule Ulaya mkulima huhesabu urefu wa mchana, kwa kuwa aina nyingi hungoja siku fupi ndipo zitunge maua. Huku kwetu karibu na Ikweta mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima, basi kinachoamua ni baridi, na milimani mche unaweza kuzaa kwa awamu miezi mingi. Mtoto wa Mombasa, Tanga mjini au Dar es Salaam atanikasirikia, lakini nitasema: joto likishapita nyuzi 30 kila siku, stroberi hutoa majani na marando, maua hupungua, na matunda huwa madogo. Unaweza kujaribu chungu kimoja kivulini kwa ajili ya elimu. Ukitaka kula, panda bamia, mchicha na matembele, navyo vitakuzawadia. Sioni haya kusema matembele ya nazi yanaishinda stroberi iliyolazimishwa.

Udongo uwe laini na wenye uchachu kidogo, yaani usiwe na chokaa nyingi. Usituamishe maji, kwani mizizi ya stroberi haiendi mbali, mingi imo kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu, ikizama inaoza na ikikaukiwa inanyauka haraka. Ndiyo maana inaridhika na ndoo iliyopasuka, gunia, debe au tairi kuukuu, mradi chini kuna matundu. Mwenye kiwanja atengeneze tuta lililoinuka shibiri moja, achanganye samadi iliyooza kabisa. Narudia, iliyooza. Samadi mbichi ya kuku itaunguza mizizi ndani ya wiki moja.

Mboji tunatengeneza pale kwenye kona. Majani makavu, juu yake maganda ya ndizi na ya viazi, majani mabichi, majivu kidogo, udongo kiganja, maji, halafu mnarudia. Nyama na ugali uliobaki visiingie, vitaita panya. Chomekeni fimbo katikati ya lundo mwiache. Baada ya siku kadhaa mwichomoe mwishike: itakuwa ya moto, kwelikweli ya moto. Wanaofanya kazi humo ni bakteria na kuvu, wanakula na joto lao ndilo hilo. Fimbo ikitoka baridi wakati maganda bado yanaonekana, lundo limekauka au limekosa hewa. Ligeuzeni, linyunyizieni maji.

Kupanda sasa. Hapa watu wengi huua stroberi kwa kuipenda. Tazameni mche: juu ya mizizi pana kishina kifupi kinene, na katikati yake majani machanga yamejikunja yanatokeza. Huo ndio moyo. Moyo ukifukiwa na udongo unaoza. Mkiuacha juu sana mizizi inachungulia jua inakauka. Usawa wa ardhi upite hapo mizizi inapoishia na moyo unapoanzia. Shimo liwe pana ili mizizi itandazwe chini bila kukunjwa, kisha mbonyeze udongo kwa vidole. Mche kwa mche sentimita 30. Mtaona ni mbali, mtataka kubananisha, msibananishe. Hewa isipopita kati ya majani, ukungu utapita.

Mimi napendelea kupanda masika yanapoelekea kwisha, ili miche ishike kwa unyevu wa ardhi halafu kipupwe kiikute imesimama. Lakini wapo wanaopanda vuli na wanavuna vizuri tu, mwenye maji ya bomba hana sababu ya kungoja mawingu.

Halafu inakuja kazi ambayo kila mtoto ninayemfundisha huikataa. Maua ya kwanza yakitokea, wiki chache baada ya kupanda, yakatwe. Na marando ya kwanza yakatwe. Mche mchanga hauna mizizi ya kulea watoto. Ukiuacha uzae mapema utakupa stroberi chache zisizo na ukubwa, kisha uchoke. Najua inauma. Acheni ua moja kwenye mche mmoja kama dawa ya moyo, mengine yaondoke.

Matandazo yawekwe kuzunguka kila mche: nyasi kavu, mabua ya mpunga, au majani makavu ya msonobari kwa walio jirani na misitu. Matandazo yanazuia jua lisifyonze maji, yanazuia magugu, na zaidi ya yote yanalizuia tunda lisilale juu ya udongo mbichi. Mwagilieni asubuhi, chini kwenye shina. Anayemwagilia jioni juu ya majani anaualika ukungu wa kijivu ulale na matunda, na kesho yake mtalikuta tunda limevaa manyoya. Likishavaa, litoeni upesi na mlifukie mbali, kwa kuwa manyoya yale ni mbegu za ukungu na upepo unazipeleka kwa jirani yake.

Majirani wa stroberi wachagueni kwa akili. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinakaa naye vizuri, havigombani naye nafasi. Maharage yana faida yake: ng'oeni shina moja taratibu mtaona vinundu kwenye mizizi, ndani yake mna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mchicha unaingia popote, unaota haraka, na ndani ya mwezi mmoja mmeshaanza kuula wakati stroberi bado inajifikiria. Sukuma wiki ipandwe upande ambao kivuli chake hakitaangukia tuta, mkawa mnachuma majani ya chini na kuacha kilele. Ila nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili zikae mbali, na wala msipande stroberi mahali zilipokuwa msimu uliopita. Upo ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni miaka mingi, nao unazipenda hizo zote pamoja na stroberi. Mmea unaamka asubuhi umelegea kana kwamba una kiu, mnaumwagilia, unazidi kulegea. Hauna dawa ya nyumbani. Unang'olewa.

Maadui wengine wanaonekana kwa macho. Konokono, wenye gamba na wasio na gamba, hutoka usiku na kuchimba mashimo kwenye tunda, hasa lililoiva. Wekeni ubao uliolowana au ganda la papai chini jioni, asubuhi mgeuze, mtawakuta wamejificha hapo chini. Kuku watafurahi. Utitiri mwekundu hukaa chini ya jani wakati wa kiangazi na kufuma utando mwembamba. Mdudu huyu ni mdogo hivi kwamba mtaona vidoa vya manjano juu ya jani kabla ya kumwona mwenyewe. Geuzeni jani, nyunyizeni maji kwa nguvu upande wa chini asubuhi kadhaa mfululizo, hapendi unyevu. Na kuzumburu, wale ndege wenye mikia mirefu wanaotembea kwa makundi, dawa yao ni wavu tu. Sanamu ya kutishia ndege huizoea wakaanza kuikalia kichwani.

Tangu ua lifunguke mpaka tunda kuiva ni kama mwezi mmoja, hupungua kukiwa na joto, huongezeka kukiwa na baridi. Ngojeni tunda liwe jekundu mpaka juu kwenye kikonyo, pasibaki weupe begani. Hapa stroberi haifanani na embe wala ndizi. Embe mnaweza kulichuma likiwa gumu mkalivundika likaiva. Stroberi ikishakatwa haiongezi utamu hata chembe. Rangi inaweza kukolea kidogo, utamu ni ule ule mliouchuma. Ndiyo sababu zile za kwenye vikasha, zilizochumwa mapema ili zivumilie lori, mara nyingi zina sura nzuri na ladha ya maji. Chumeni asubuhi umande ukikauka, mkikata kikonyo kwa ukucha bila kuvuta tunda, na msizioshe mpaka mnapokula. Stroberi iliyooshwa jioni ikawekwa, asubuhi imelainika.

Zikizidi, ingawa nikiwatazama sidhani, pikeni jamu. Stroberi haina ule utomvu mwingi wa kugandisha, basi kamulieni ndimu. Asidi yake ndiyo inayoisaidia jamu kushika.

Mwaka wa pili achieni marando. Chagueni mche uliozaa vizuri na usio na ugonjwa, mwache marando mawili au matatu, si zaidi. Rando likitoa kifundo chenye majani, wekeni chini yake kikopo cha udongo na mboji, likandamizeni kwa kijiti kilichopinda ili kifundo kiguse udongo. Msilikate bado, mama anaendelea kulilisha kupitia kamba ile. Baada ya wiki nne hivi livuteni kidogo kwa vidole viwili. Likishikilia, mizizi ipo, kateni kamba. Mkiwa na mingi, wapeni watoto wa nyumba ya pili, na waambieni nao habari ya kukata maua ya kwanza, maana hawatawaamini.

Mwaka wa tatu mche mama huzaa kidogo na hukusanya magonjwa. Ung'oeni. Mahali pake pandeni maharage au vitunguu, na mabinti wahamishieni tuta jipya upande wa pili wa uwanja, kabla mvua hazijakolea. Konokono msihangaike kuwaelekeza, watapajua wenyewe.